Kisu cha Mfalme na Uzi wa Rozari



Katika sura ya 36 ya kitabu cha nabii Yeremia tunasoma habari ya mfalme aliyekata maandishi. Yeremia alikuwa amemwagiza Baruku, mwandishi wake, aandike katika gombo maneno yote aliyoyapokea kwa Bwana kwa miaka mingi. Gombo likasomwa hekaluni mbele ya watu, kisha mbele ya wakuu, na mwisho likafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa mwezi wa tisa, majira ya baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele ya mfalme. Kila msomaji alipomaliza safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Yeremia hakunyamaza. Alitwaa gombo jingine, Baruku akaandika tena maneno yale yale, na mengine mengi yakaongezwa juu yake.

Tunaanza na kisu hicho kwa sababu siku hizi kila mmoja wetu anacho mfukoni. Hotuba ya saa nzima hukatwa ikawa sekunde thelathini. Barua ya kichungaji yenye kurasa nyingi hugeuka kuwa sentensi mbili juu ya picha. Fundisho la Jumapili hugawanywa katika jumbe kumi fupi, na kila ujumbe hushika njia yake kutoka Kavimvira hadi Makobola, kutoka Kiliba hadi Baraka, bila kuwasubiri wenzake.

Wako wazee wanaosema kwamba kukata huku ndiko kunakoharibu akili za vijana. Sisi makatekista hatuwezi kusema hivyo, kwa kuwa kazi yetu yote imejengwa juu ya maneno yaliyokatwa. Kanisa limekuwa likigawanya maandishi marefu tangu zamani, na kama lisingefanya hivyo, imani isingefika katika pwani yetu ya Tanganyika. Basi swali letu si kama inafaa kukata. Swali ni hili: mkato unaolisha unatofautianaje na mkato wa Yehoyakimu? Historia inalo jibu, tena jibu la wazi.

Kitabu kisichokuwa na namba

Tukifungua Biblia leo tunakuta sura na aya, na ni rahisi kudhani kwamba Yeremia, Mathayo au Paulo ndio waliozitia namba. Sivyo. Paulo aliandika barua, na barua husomwa kutoka salamu ya kwanza hadi baraka ya mwisho. Wathesalonike aliwaagiza barua yake isomwe mbele ya ndugu wote. Wakolosai aliwaambia kwamba wakiisha kuisoma yao waipeleke kwa Kanisa la Laodikia, nao waisome ile itakayotoka huko. Kwa karne nyingi Mkristu hakuwa na njia ya kumwambia mwenzake: fungua sura fulani, aya fulani.

Sura tunazozitumia zinatokana na kazi ya Stephen Langton, Mwingereza aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, naye alifariki mwaka 1228. Mwalimu na wanafunzi wake walihitaji kufika mahali pamoja katika kitabu kwa wakati mmoja. Hilo ndilo hitaji lililozaa sura. Namba za aya katika Agano Jipya zilikuja baadaye, mwaka 1551, kwa mkono wa Robert Estienne, mchapaji Mfaransa. Kwa upande wa Maandiko ya Kiebrania, waandishi wa Kiyahudi walikuwa wamekwisha kuweka alama za mwisho wa kila aya zamani kabla ya hapo.

Kazi hiyo ilikuwa baraka kubwa. Lakini mkono uliokata ulikuwa mkono wa mwanadamu, na mahali pengine ulikata pasipo kiungo. Simulizi la uumbaji lina siku saba. Sura ya kwanza ya Mwanzo inaishia siku ya sita, na siku ya saba, ile ya pumziko, imeachwa ng'ambo, mwanzoni mwa sura ya pili. Wimbo wa Mtumishi wa Bwana anayeteswa unaanza Isaya 52, aya ya 13, na kuendelea hadi mwisho wa sura ya 53. Anayeanzia sura ya 53 ameingia nyumbani kupitia dirishani. Na katika Biblia zetu za Kikatoliki mmeona Zaburi yenye namba mbili, kama Zaburi ya 23 (22). Namba hizo ni alama ya mkato uliofanyika kwa njia mbili. Zaburi zilizo ya 9 na ya 10 katika Kiebrania ni zaburi moja katika tafsiri ya kale ya Kigiriki, na ndiyo maana hesabu zinapishana. Tena herufi za kwanza za beti zake hufuata mpangilio wa alfabeti ya Kiebrania kupitia zote mbili, dalili kwamba hapo mwanzo zilikuwa wimbo mmoja.

Fundisho la kwanza ndilo hili: namba ilibuniwa ili turudi kwenye kitabu kizima kwa urahisi. Haikubuniwa ili aya iondoke nyumbani isirudi.

Ilimradi zaburi zote zitimie

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, alikabiliwa na shida ambayo kila mwenye kugawanya maneno anaijua. Zaburi ni 150. Wamonaki walipaswa kuzisali zote, nao walikuwa na mashamba ya kulima na wageni wa kupokea. Akazigawa katika siku na saa za juma. Jambo la kustaajabisha liko katika sura ya 18 ya Kanuni yake. Anasema kwamba kama mtu hapendezwi na mgawanyo huo, na aupange vinginevyo akiona ni bora, mradi kila juma zaburi zote 150 zitimie. Mgawanyo ni huru. Ukamilifu si wa hiari.

Mkristu wa kawaida wa zama zile hakujua kusoma, wala hakuwa na kitabu. Kwake yeye Kanisa lilikubali mkato mwingine: badala ya zaburi 150, Salamu Maria 150, zikihesabiwa kwa shanga, kumi kwa kumi, na kila kumi likibebwa na fumbo moja la maisha ya Yesu na Mama yake. Mafumbo yalikuwa 15 hadi mwaka 2002, Papa Yohane Paulo II alipoongeza mafumbo matano ya mwanga yakawa 20. Angalieni rozari mnayoishika. Ushanga mmoja ni mdogo, hata mtoto huushika kwa vidole viwili. Lakini ushanga uliokatika ukaanguka sakafuni haumwambii mtu kitu. Kinachoufanya kuwa sala ni uzi.

Misa nayo imegawanywa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka hazina ya Biblia ifunguliwe zaidi kwa waamini, na mwaka 1969 ukatolewa mpango mpya wa masomo: Jumapili kwa miaka mitatu, A, B na C, na siku za kawaida kwa miaka miwili. Kila Jumapili hupewa kipande kifupi. Anayekuja mara moja kwa mwaka hupata kipande. Anayekuja miaka mitatu hutembea na Mathayo, Marko na Luka, na Yohane akiwa mwenzi wa safari.

Pwani yetu

Sasa tuje ziwani kwetu. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Mwaka huo huo walianza kituo Rumonge, ng'ambo ya ziwa, na tarehe 4 Mei 1881 watatu wao waliuawa huko. Upande wetu wa magharibi walijenga Kibanga mwaka 1883, karibu na rasi ya Ubwari. Humo waliishi watoto na watu wazima waliokombolewa kutoka utumwani, watu wa makabila mbalimbali, kila mmoja na lugha ya mama yake.

Mwanzilishi wao, Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, alikuwa amewapa amri iliyowashangaza wengi: pasiwe na haraka ya kubatiza. Alirudisha utaratibu wa Kanisa la kale. Mtu atakayeomba ubatizo aandaliwe kwa miaka minne: miwili ya kwanza kama mwombaji, akifundishwa kweli za msingi juu ya Mungu na mwenendo mwema; miwili ya pili kama mkatekumeni, akifunuliwa mafumbo hatua kwa hatua. Kipande hakikutolewa kabla ya wakati wake.

Tazameni hekima ya mpango huo. Fundisho zima la Kikristu lilikatwa vipande vidogo vya swali na jibu, vinavyotosha kinywani mwa mtu asiye na kitabu, anayekwenda shambani au anayepiga kasia. Lakini vipande hivyo havikutupwa njiani kama mbegu za mpita njia. Vilikuwa na mpangilio, vilikuwa na mwalimu anayejua kipande kipi kimekwisha kupokelewa, na vilikuwa na mwisho uliojulikana: meza ya Bwana. Katekista wa kwanza katika vijiji vya ziwa alikuwa ndiye uzi. Aliyakumbuka ya jana, akayaunganisha na ya leo, akaahidi ya kesho.

Wamisionari wale wale walikuwa na mkato mwingine. Kila kituo kiliagizwa kuandika shajara ya siku kwa siku: mvua, homa, ugeni, vifo, ubatizo. Sehemu zake zilinakiliwa, zikasafiri kwa misafara hadi pwani ya bahari, zikavuka hadi Algiers, na tangu 1879 zikachapishwa kwa mkato katika jarida lililoitwa Chroniques trimestrielles. Waliokuwa mbali walisoma vipande. Lakini shajara zenyewe zilihifadhiwa, na hata leo ziko katika hifadhi ya shirika hilo huko Roma. Kwa hiyo mwanahistoria anayetilia shaka kipande kilichochapwa anaweza kurudi kwenye shina. Yehoyakimu alichoma gombo; hawa walikata nakala, wakalinda gombo.

Na mwana wa nchi yetu, Stefano Kaoze, aliyesomea Mpala katika pwani hii hii ya ziwa na kupewa upadri tarehe 21 Julai 1917, akiwa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu, naye alijulikana kwanza kwa maandishi yaliyotoka sehemu kwa sehemu. Insha yake juu ya fikra za Wabantu ilichapishwa katika La Revue Congolaise, mwaka 1910 na 1911, alipokuwa bado mwanafunzi.

Kubwa, ndogo, na ndogo zaidi

Katekisimu yenyewe ina historia ya namna hiyo. Mwaka 1555 Petro Kanisio, Mjesuiti, alitoa katekisimu kubwa kwa Kilatini. Mwaka uliofuata alitoa iliyo ndogo kabisa kwa ajili ya watoto, na baada yake nyingine ya kati kwa vijana wa shule. Mtu yule yule, imani ile ile, vipimo vitatu. Mwaka 1566 ikatoka Katekisimu ya Kirumi, kitabu kirefu kilichoandikwa kwa ajili ya maparoko, ili mwenye kuwakatia wengine awe na kizima mikononi mwake.

Katika zama zetu jambo hilo limerudiwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 ina aya 2865. Mwaka 2005 ulitolewa Ufupisho wake wenye maswali 598. Mwaka 2011 ikatoka YOUCAT, katekisimu ya vijana, yenye maswali 527. Mwenye YOUCAT au Ufupisho na atazame vizuri: maswali yanaambatana na namba ndogo. Hizo ni namba za aya za Katekisimu kubwa. Ni kama kusema: nimekupa kinywaji katika kikombe, na kisima kiko kule. Kijana akiuliza zaidi kuliko kikombe kinavyobeba, hana sababu ya kufa kwa kiu.

Ubeti na ujumbe

Msidhani ni Ulaya peke yake iliyojua kazi hii. Washairi wa Kiswahili walikuwa mafundi wa kugawanya habari ndefu. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una beti 3000. Habari hizo ndefu zimepangwa katika beti za mistari minne, kila mstari mizani minane, yaani mizani 32 kwa ubeti. Kila ubeti hufunga wazo lake, na vina vya mwisho vya kila ubeti hurudi kwa sauti ile ile moja tangu mwanzo wa utenzi hadi tamati. Sauti hiyo inayorudi ndiyo uzi. Msikilizaji akiusikia ubeti mmoja sokoni, sikio lake hutambua kwamba una ndugu.

Mizani 32 ni herufi chini ya 160. Nayo 160 ndiyo idadi ya herufi aliyoichagua Mjerumani Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, alipokuwa akitafuta urefu wa ujumbe mfupi wa simu. Alihesabu herufi za sentensi za kawaida, akatazama urefu wa maneno ya kadi za posta, akaona kwamba zinatosha. Ujumbe wa kwanza wa namna hiyo ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Kwa maneno mengine, ubeti wa utenzi ungeenea ndani ya ujumbe mmoja na nafasi ikabaki.

Watu walipotaka kutuma maneno marefu kuliko hapo, mafundi walifanya jambo linalotufundisha sana. Simu huyakata maneno katika vipande, lakini kila kipande hakibebi tena herufi 160, hubeba 153. Nafasi ya zile herufi saba hutolewa sadaka ili kubeba habari tatu: kipande hiki ni cha ujumbe gani, ujumbe una vipande vingapi, na hiki ni cha ngapi. Msomaji hazioni, bali kwa ajili ya hizo simu inayopokea huweza kuunganisha vipande hata kama cha tatu kimetangulia cha kwanza. Mashine isiyo na roho imekubali kupunguza maneno yake ili isipoteze mpangilio. Je, sisi?

Twitter ilipoanza mwaka 2006 iliweka kikomo cha herufi 140, kwa kuwa katika zile 160 nyingine 20 ziliachwa kwa ajili ya jina la msemaji. Yaani hata katika nafasi finyu kiasi hicho, mahali pa jina hapakuguswa. Papa Benedikto XVI alituma ujumbe wake wa kwanza huko tarehe 12 Desemba 2012, kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 2017 kikomo kiliongezwa kikawa 280, na mwaka huo huo ikawekwa njia ya kufunga jumbe nyingi kwa mfuatano. Waswahili wa mtandaoni mfuatano huo wanauita uzi. Walichagua neno vizuri kuliko walivyojua.

Aya ya 11 bila aya ya 10

Sasa tufike mahali panapotuuma. Hakuna aya inayosambazwa katika simu za vijana wetu kama Yeremia 29, aya ya 11, ile ambamo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anawawazia amani na si mabaya, na kwamba kuna tumaini mbele yao. Ni aya ya kweli na ya kufariji. Lakini ni sentensi moja ya barua ndefu, na barua hiyo iliandikwa kwa wakimbizi.

Isomeni yote. Yeremia yuko Yerusalemu. Anaowaandikia wamepelekwa Babeli kwa nguvu. Katika sura ya 28, iliyotangulia, nabii Hanania amekwisha kuwatangazia watu ujumbe mfupi na mtamu: miaka miwili tu, na yote yatarudi. Yeremia anawaandikia kinyume. Anawaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautafutie amani mji walimo na kuuombea, kwa sababu amani yake ni amani yao. Anawaonya wasidanganywe na manabii wanaowaotea ndoto wanazozipenda. Katika aya ya 10 anataja muda: miaka sabini. Ndipo inapokuja aya ya 11.

Watu wa Uvira wanajua maana ya kukimbia. Wanajua 1996, na miaka mingine iliyofuata, na watu wanaovuka Ruzizi na godoro kichwani. Kijana aliyelala katika kambi na kupokea aya ya 11 peke yake ataisoma kama ahadi ya Hanania: kesho, au kesho kutwa. Siku zikipita na vita visikome, atasema moja kati ya mawili: Mungu ni mwongo, au mimi nimekosa imani. Yote mawili ni uongo, nao umezaliwa na mkato. Aliyepokea barua nzima anajua kwamba tumaini la Mungu laweza kuwa refu kuliko maisha ya mtu mmoja, na kwamba wakati wa kulingoja kuna kazi: nyumba, bustani, watoto, na sala kwa ajili ya mji ambao huenda si wake.

Ikiwa neno la Mungu laweza kudhuru likikatwa vibaya, je, neno la mwanadamu? Zaburi ya 14 (13) ina maneno yanayokana kwamba Mungu yupo. Ila mzaburi anayaweka katika moyo wa mpumbavu. Ondoa msemaji, na Biblia imehubiri ukafiri. Ndivyo inavyofanywa kwa hotuba za viongozi, za maaskofu, za wazee wa makabila yetu. Sentensi ambayo mtu aliinukuu ili kuilaani inakatwa na kusambazwa kana kwamba ni yake. Katika nchi ambamo Wafuliiru, Wavira, Wabembe, Wanyamulenge na Warundi wanapakana mlango kwa mlango, sentensi ya namna hiyo yaweza kuchoma kijiji kabla ya jua kuchwa. Wenye WhatsApp wenyewe waliiona hatari hiyo: Januari 2019 walizuia ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Aprili 2020 ule uliokwisha kupelekwa mara nyingi ukaruhusiwa kwa mazungumzo moja tu. Kizuizi cha mashine husaidia. Hakiwezi kuwa dhamiri.

Mto unaelekea wapi

Burton na Speke walipofika Uvira kwa mtumbwi mwezi wa Aprili 1858, walitaka kujua jambo moja juu ya Ruzizi: unatoka ziwani au unaingia? Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Wao hawakufika mdomoni pa mto, na wataalamu wa Ulaya wakaendelea kubishana hadi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kuuona kwa macho yao ukimwaga maji yake ziwani. Miaka kumi na mitatu ya ubishi, na mto ulijulikana kwa wote! Kilichokosekana ni mwelekeo wake. Vipande vya maneno viko hivyo: mtu anaweza kuwa navyo vyote, lakini akikosa mpangilio, hajui maji yanakwenda wapi.

Kutokana na historia hii tunawapa ninyi mnaoandika katika vikundi vya parokia njia nne, nazo si ngumu.

Ya kwanza, someni kizima kabla ya kukata. Mama anayeuza sangala sokoni huanza kwa kumgeuza samaki wote mkononi. Kisu chake hutafuta kiungo. Katekista asiyesoma barua ya askofu hadi mwisho hana haki ya kuitolea sentensi mbili.

Ya pili, kila kipande kisimame kwa miguu yake. Wengi watakipokea peke yake, kwa kuwa mega ni ghali na mtandao hukatika. Msiseme katika kipande cha kwanza jambo ambalo halina ukweli mpaka cha tano kifike. Kama onyo na faraja vinakwenda pamoja, viwekeni pamoja.

Ya tatu, lipeni zile herufi saba. Andikeni 1 kati ya 6, 2 kati ya 6. Andikeni jina la msemaji, tarehe, na mahali kizima kinapopatikana. Mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipovunja kingo zake, yametufundisha kwamba ujumbe mfupi ni tendo la huruma: daraja gani, saa ngapi, nani ameona. Lakini ujumbe huo huo, ukikosa tarehe, unaweza kuzunguka mwaka mwingine na kuwatoa watu majumbani mwao usiku bila sababu.

Ya nne, yako mambo yasiyokatwa. Habari ya kifo, shutuma juu ya mtu, ugomvi wa familia au wa makabila, havipewi kipande kikaachwa kisafiri. Hayo huitiwa watu wakakaa, wakasikilizana kutoka mwanzo hadi mwisho, kama Wakolosai walivyoketi kuisikia barua yao.

Maskini ana haki ya neno fupi. Hakuna ubaya katika ufupi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano ambayo mtoto huishika, na aliyetaka zaidi alimfuata nyumbani na kumwuliza. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi. Tukikata, tuuache wazi.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Someni Yeremia 29, aya ya 4 hadi 14, kwa sauti, bila kukatiza. Ni nini mlichokisikia ambacho aya ya 11 peke yake haikuwaambia?

2. Kila mmoja atafute ujumbe mmoja alioupeleka mbele juma hili. Je, una jina la msemaji, tarehe, na njia ya kurudi kwenye kizima?

3. Chukueni homilia ya Jumapili iliyopita. Igawanyeni katika jumbe tano, kila mmoja usiozidi urefu wa beti mbili za utenzi. Kisha mpeni kipande cha tatu tu mtu asiyekuwapo Misani, mwulize ameelewa nini. Jibu lake litawaambia kama mkato wenu una uzi.